Kanuni za kupasha maji kwa jua (Kenya)

Kanuni za kupasha maji kwa jua ni kanuni za serikali ya Kenya zilizotolewa mwaka 2012 chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2006. Ziliagiza kwamba kila jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifungwe mtambo wa kupasha maji hayo kwa joto la jua. Majengo mapya yalipaswa kutimiza sharti hilo tangu mwanzo. Yale yaliyokuwepo tayari yalipewa miaka 5, yaani hadi Mei 2017. Kanuni zilifutwa mwaka 2018, na hadi wakati huo wenye majengo wengi walikuwa bado hawajazitekeleza.

Historia yake fupi inagusa swali ambalo nchi nyingi zinajiuliza: je, kumlazimisha mwenye jengo kutumia nishati mbadala kunaleta faida kwa mfuko wake na kwa taifa, na je, kunawezekana? Kwa Kenya jibu lilitegemea jengo lenyewe. Kwa hoteli, hospitali na nyumba kubwa yenye tangi la umeme la maji moto, sharti lilikuwa na maana. Kwa familia iliyopanga vyumba viwili katika ghorofa ya nne jijini Nairobi, halikuwa na maana hata kidogo. Kanuni ziliwahesabu wote kwa kipimo kimoja cha lita.

Usuli

Kwa muda mrefu Kenya ilitegemea umeme wa maji, hasa kutoka mabwawa ya mto Tana kama Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ukame ulipokuja, umeme ulipungua. Mwaka 2009 kina cha maji katika bwawa la Masinga kilishuka sana na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Pengo lilizibwa kwa mitambo ya dharura inayotumia dizeli, na gharama ya mafuta hayo ikapelekwa kwa mteja kama tozo ndani ya bili.

Mahitaji ya umeme nchini hupanda kila jioni, takriban kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, watu wanaporudi nyumbani, kuwasha taa na televisheni, kupika na kuoga. Mwaka 2012 kilele hicho kilikuwa karibu na megawati 1,200. Bomba la kuogea linalopasha maji papo hapo, ambalo limeenea katika nyumba za mijini, huvuta takriban kilowati 5 kwa dakika chache. Nyumba 20,000 zikiyawasha kwa wakati mmoja, ni megawati 100. Mtambo wa dizeli unaowekwa tayari kwa ajili ya saa hizo mbili tatu hugharimu fedha siku nzima, hata ukiwa umezimwa.

Upande wa pili kulikuwa na jua. Kenya inakatwa na ikweta, na sehemu zake nyingi hupata kati ya kilowati-saa 4 na 6 za nishati ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku. Wazo la Tume ya Kudhibiti Nishati lilikuwa jepesi kueleweka: maji ya kuoga hayahitaji umeme, yanahitaji joto tu, na joto limejaa juu ya paa.

Yaliyoagizwa

Kipimo cha kuingia katika sharti kilikuwa lita 100 kwa siku. Ili kusiwe na ubishi kuhusu nani anatumia kiasi gani, jedwali la kanuni liliweka makadirio ya maji yenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi: katika nyumba ya kuishi lita 30 kwa kila mtu, katika hoteli lita 40 kwa kila kitanda, katika hospitali lita 50 kwa kila kitanda. Mtambo wa jua ulitakiwa utoe angalau asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka. Sehemu iliyobaki ingeweza kutoka kwenye umeme au chanzo kingine.

Wajibu uligawanywa kwa watu wengi. Msanifu wa majengo na mhandisi walitakiwa kuuingiza mtambo katika michoro. Mwenye jengo alitakiwa kuufunga na kuutunza. Mafundi na wakandarasi walitakiwa kuwa na leseni. Kampuni ya kusambaza umeme ilikatazwa kuunganisha umeme katika jengo lililopaswa kuwa na mtambo na halina. Aliyekiuka angeweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kufungwa kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Kulikuwa pia na misamaha, kwa mfano kwa jengo ambalo kwa sababu za kiufundi haliwezi kubeba mtambo, au linalopata joto lake kutoka chanzo kingine kinachokubalika.

Familia ya watu 4 kwa jedwali hilo inahitaji lita 120. Kwa hiyo kanuni hazikuwalenga matajiri peke yao. Kwa maandishi, karibu kila kaya ya mjini yenye watoto wawili na maji ya bomba ilikuwa ndani.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Hita ya sola ya kawaida ina sehemu mbili: bamba jeusi lenye mabomba ndani na kioo juu, au safu ya mirija ya kioo yenye ombwe, na tangi lililofunikwa ili lisipoteze joto. Tangi huwekwa juu zaidi ya bamba. Maji yanayopata joto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi, na yale ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala waya. Bamba la mita 2 za mraba, likipata jua la kilowati-saa 5 kwa mita na kulitumia kwa nusu tu, hutoa kilowati-saa 5 kwa siku, kiasi kinachotosha kupasha takriban lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60.

Kifaa hiki si sawa na paneli ya sola inayotoa umeme. Hakiwashi taa wala hakichaji simu. Kinafanya kazi moja tu, na kama kazi hiyo haipo nyumbani, hakina faida nyingine.

Kasoro yake kubwa ni majira. Nairobi na nyanda za juu zina baridi zaidi kuanzia Juni hadi Agosti, na miezi hiyohiyo mawingu hutanda kutwa. Maji moto yanapohitajika sana ndipo jua linapokuwa chache. Kwa sababu hiyo matangi mengi huwekewa koili ya umeme ya akiba, na mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini huiwasha usiku. Ndiyo maana kanuni zilidai asilimia 60 na si 100.

Maji nayo yana tabia zake. Katika mitaa inayotegemea visima vya kuchimba, maji yenye chumvi na chokaa huacha ukoko ndani ya mabomba na kula chuma cha tangi. Mahali ambapo maji ya jiji hutoka siku mbili kwa wiki, hita hukaa kavu juani. Mambo haya hayakuwa katika jedwali.

Hesabu ya gharama

Kupasha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji kilojuli 4.19, na kilojuli 3,600 ni kilowati-saa 1, ile ambayo kwenye bili huitwa uniti. Hesabu zote zinazofuata zinatoka hapo, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuzipima kwa kalamu. Bei zilizotumika ni za mfano, zimechaguliwa kwa wepesi wa kukokotoa: shilingi 20 za Kenya kwa uniti, na shilingi 1,000 kwa kila lita ya ukubwa wa mtambo pamoja na ufundi.

Tuanze na nyumba ya kujitegemea yenye tangi la umeme la lita 200, linalopashwa kila siku kutoka nyuzi 20 hadi 60. Inatumia uniti 9.3 kwa siku, karibu 3,400 kwa mwaka. Mtambo wa jua ukibeba asilimia 60, unaokoa takriban uniti 2,040, yaani shilingi 40,800. Mtambo wenyewe ni shilingi 200,000. Fedha zinarudi kwa miaka 5, na mtambo uliofungwa vizuri unaweza kudumu miaka 15. Hapa kanuni zilimwambia mwenye nyumba afanye jambo ambalo angepaswa kulifanya hata bila kuambiwa.

Sasa tuichukue familia ya watu 4 isiyo na tangi, inayooga kwa bomba la kupasha papo hapo. Kila mtu anatumia lita 25 za maji ya vuguvugu ya nyuzi 38. Hiyo ni uniti 0.52 kwa mtu, 2.1 kwa familia, karibu 765 kwa mwaka. Asilimia 60 ya hizo ni uniti 460, thamani yake shilingi 9,200. Mtambo wa lita 150 ni shilingi 150,000. Itachukua miaka 16 kurudisha fedha, na kabla ya hapo tangi huenda limeshatoboka. Bomba la umeme lililokuwa likitumika lilinunuliwa kwa shilingi elfu chache tu.

Tofauti kati ya familia hizi mbili haitokani na usafi wala utajiri peke yake. Tangi la umeme hupasha maji mengi hadi nyuzi 60 na kuyaweka, yatumike yasitumike. Bomba la papo hapo hupasha yanayotiririka tu. Lita 100 za maji ya nyuzi 38 zinazotumiwa na familia ya pili ni sawa na lita 45 tu za maji ya nyuzi 60 yaliyochanganywa na ya baridi, wakati jedwali liliihesabia lita 120. Hata tukiongeza maji ya kuosha vyombo, makadirio ya kanuni yaliipita kaya ya namna hii kwa mbali.

Pwani pengo linakuwa kubwa zaidi. Maji ya bomba Mombasa mara nyingi yana joto la nyuzi 27 hivi kabla ya kupashwa. Kuyafikisha 38 kunahitaji uniti 0.32 kwa mtu, na wengi huoga maji hayohayo yalivyo. Kanuni hazikutofautisha Mombasa na Limuru.

Hoteli ni habari nyingine. Vitanda 40 kwa lita 40 ni lita 1,600, karibu uniti 75 kwa siku. Vyumba vikijaa mwaka mzima, asilimia 60 ya mahitaji hayo ni zaidi ya uniti 16,000. Jambo linaloisaidia hoteli zaidi ya ukubwa ni kwamba maji yake yanatumika kweli: wageni huoga, jikoni kunaoshwa, mashuka yanafuliwa. Kuna fundi wa kudumu wa kuona bomba linalovuja. Na anayelipa bei ya mtambo ndiye anayelipa bili ya umeme.

Riba na kilele

Kipindi cha miaka 5 cha kurudisha fedha kinapendeza kwa mwenye fedha taslimu. Kwa anayekopa, mambo hubadilika. Desemba 2011 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha msingi hadi asilimia 18 ili kuzuia mfumuko wa bei na kuanguka kwa shilingi, na kanuni zilipoanza kutumika Mei 2012 kiwango hicho kilikuwa bado hapo. Mkopo wa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 unadai riba ya shilingi 40,000 katika mwaka wa kwanza. Linganisha na akiba ya shilingi 40,800 iliyokokotolewa hapo juu: hata ile nyumba iliyofaa zaidi ingekuwa inaifanyia benki kazi. Hii ndiyo sehemu iliyosahaulika zaidi katika mabishano ya wakati huo, yaliyohusu zaidi bei ya mitambo kuliko bei ya fedha.

Kwa taifa hesabu ilikuwa tofauti na ya kaya. Uniti inayookolewa saa mbili usiku ina thamani kubwa kuliko uniti ya saa nane mchana, kwa kuwa inapunguza haja ya mitambo ya akiba. Lakini mteja wa nyumbani nchini Kenya alilipa bei ileile saa zote. Faida ya kupunguza kilele ilikwenda kwa mfumo mzima, gharama ikabaki kwa mwenye paa. Kanuni zilimtaka mtu mmoja anunue kitu ambacho sehemu ya manufaa yake ni ya wote, na hazikuja na ruzuku wala mkopo wa riba nafuu.

Kisha chanzo cha umeme chenyewe kikabadilika. Mwaka 2014 mitambo mipya ya jotoardhi yenye megawati 280 ilianza kazi Olkaria, karibu na Naivasha, na sehemu ya dizeli katika umeme wa nchi ikapungua. Mvuke wa jotoardhi hutoka usiku na mchana, bila kujali nani amelala. Usiku wa manane mahitaji hushuka kiasi kwamba mvuke mwingine huachwa bila kutumika. Tangi la maji linalowashwa kwa saa yake maalumu saa nane usiku, kwa umeme wa namna hiyo, halichafui hewa kuliko hita ya sola. Kanuni zilibuniwa katika miaka ya dizeli, na siku yake ya mwisho ikafika katika miaka ya jotoardhi.

Wapangaji na paa

Wakazi wengi wa Nairobi ni wapangaji. Mwenye nyumba hununua mtambo. Mpangaji hupunguziwa bili. Mwenye nyumba hawezi kurudisha fedha zake ila kwa kupandisha kodi, na mpangaji hana hakika kwamba akiba ya umeme itafikia nyongeza ya kodi. Kwa mpangaji wa familia ya pili hapo juu, akiba ni shilingi 770 kwa mwezi. Kodi ikipanda kwa 1,500, amepata hasara kwa jina la kuokoa nishati.

Halafu kuna paa. Chukua jengo la ghorofa lenye kaya 60, la aina inayoonekana kote Pipeline, Kayole au Zimmerman. Kila kaya ikiwekewa tangi la lita 150 na bamba la mita 2 hadi 3 za mraba, paa lingebeba tani 9 za maji peke yake, bila uzito wa vyuma, na eneo la mita za mraba 120 hadi 180 bila kuhesabu njia za kupita na nafasi ya kuzuia kivuli. Juu ya paa hilohilo tayari kuna matangi ya maji baridi na kamba za nguo. Bomba linaloshuka kutoka paa hadi ghorofa ya kwanza ni refu, na maji yaliyopoa ndani yake humwagwa kabla ya yale ya moto kufika, katika jiji lisilotoshelezwa na maji. Tangi moja la pamoja lingepunguza uzito na bei, lakini lingehitaji mita kwa kila kaya na mtu wa kusuluhisha ugomvi wa aliyemaliza maji moto saa kumi na mbili asubuhi.

Kanuni zilitambua misamaha ya kiufundi, hivyo mwenye jengo kama hilo angeweza kuomba asamehewe. Kama majengo mengi zaidi yangestahili msamaha kuliko yale yaliyostahili sharti, tatizo lilikuwa katika sharti.

Nyumba za mtaa zinazojengwa pamoja na kuuzwa zilikuwa na hali nzuri kuliko zote za kuishi. Mjenzi hununua mitambo mingi kwa bei ya jumla, mabomba huwekwa kabla ya kupiga plasta, paa huelekezwa ipasavyo tangu michoro, na bei huingia katika mkopo wa nyumba wa muda mrefu. Kufunga mtambo uleule katika nyumba ya zamani kunamaanisha kubomoa vigae vya bafu. Kanuni ziliweka majengo mapya na ya zamani chini ya kipimo kimoja, zikitofautisha muda tu.

Utekelezaji

Kanuni zilitaja majengo yaliyo chini ya mamlaka za mitaa. Chini ya mwaka mmoja baadaye, uchaguzi wa Machi 2013 ulileta serikali za kaunti 47 chini ya Katiba ya 2010, na mamlaka zile za mitaa zikatoweka. Kazi ya kuidhinisha ramani za majengo ikaenda kwa kaunti, wakati kanuni zilibaki chini ya tume ya kitaifa. Mkaguzi wa kaunti hakuwa na sababu ya kwanza kuangalia hita ya sola wakati majengo mengine yalikuwa yakipanda bila idhini yoyote.

Silaha kali zaidi ilikuwa ile ya kunyima umeme. Ilikuwa kali mno. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya umeme ilikuwa na lengo la kuunganisha kaya nyingi iwezekanavyo, na ni vigumu kampuni moja kuambiwa ikimbilie wateja kwa mkono wa kulia na kuwafukuza kwa wa kushoto. Faini ya shilingi milioni 1 nayo ilikuwa kubwa kuliko bei ya mtambo mara kadhaa. Adhabu nzito namna hiyo haitolewi kwa urahisi.

Mahitaji ya leseni yalikuwa na manufaa ya kudumu. Mafundi walifunzwa na wakandarasi wakasajiliwa. Hita iliyofungwa vibaya, iwe imeelekezwa kwenye kivuli cha jengo la jirani au imewekwa bila vali ya kutoa shinikizo, huharibu sifa ya teknolojia yote mtaani, kwa sababu majirani huona na kuambiana.

Kufutwa

Muda wa miaka 5 uliisha Mei 2017 na idadi kubwa ya majengo ya zamani yakiwa hayana mitambo. Kuyatekeleza maandishi kungekuwa na maana ya kuwashtaki wenye nyumba kwa maelfu. Mwaka 2018 serikali ilizifuta kanuni, na kufunga hita ya sola kukawa tena hiari ya mwenye jengo. Mwaka 2019 Sheria mpya ya Nishati ilichukua nafasi ya ile ya 2006, na Tume ya Kudhibiti Nishati ikawa Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli. Sheria hiyo mpya ilifungua mlango mwingine: mwenye paneli za umeme juu ya paa lake anaweza kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa katika bili yake. Huo ni ushawishi wa bei, hauna amri ndani yake.

Hita za sola hazikutoweka. Hoteli, hospitali na mitaa ya nyumba zinazouzwa ziliendelea kuzifunga, hasa zile ambazo hesabu yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo.

Kulinganisha na nchi nyingine

Sharti la namna hii lilifanikiwa Israeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 nchi hiyo ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta, hata serikali ikakataza kupasha maji saa za usiku. Mhandisi Levi Yissar alianza kutengeneza hita za sola mwaka 1953, na mwanafizikia Harry Zvi Tabor akabuni rangi nyeusi maalumu inayonyonya joto bila kulitoa tena kwa wingi. Sheria ya kulazimisha hita hizo katika nyumba mpya ilikuja mwaka 1980, baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya miaka ya 1970. Kufikia hapo kifaa kilikuwa kimezoeleka kwa zaidi ya miaka 25, viwanda vilikuwepo na kila fundi bomba alikijua. Sheria ilikuta desturi na kuikamilisha. Tena ilihusu majengo mapya, na ghorofa ndefu sana hazikubanwa.

Barcelona, Hispania, ilipitisha sheria yake ndogo mwaka 1999 na kuanza kuitumia mwaka 2000, ikidai asilimia 60 ya maji moto katika majengo mapya na yaliyokarabatiwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2006 Hispania nzima ilifuata kwa kanuni za ujenzi za kitaifa. Mitambo ilifungwa, kwa kuwa kibali cha jengo kilitegemea hilo. Tatizo lililojitokeza lilikuwa la baadaye: kanuni ilihakikisha mtambo upo siku ya ukaguzi, haikuhakikisha unafanya kazi miaka mitano baadaye. Baadhi ya wakazi hawakujua kama mtambo wao umesimama, kwa sababu mashine ya akiba ya gesi ilichukua kazi kimyakimya.

California, Marekani, ilianza kudai paneli za umeme wa jua katika nyumba mpya za kuishi zisizozidi ghorofa 3 kuanzia Januari 2020. Tume ya nishati ya jimbo hilo ilikadiria kwamba viwango vipya vingeongeza bei ya nyumba kwa takriban dola 9,500 na kuokoa dola 19,000 kwa miaka 30. Mwanauchumi Severin Borenstein wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba umeme wa jua kutoka mashamba makubwa ya paneli ni wa bei ndogo zaidi kuliko ule wa paa moja moja, hivyo fedha zilezile zingesafisha hewa zaidi mahali pengine. Hoja hiyo haigusi hita za maji moja kwa moja, maana maji moto hayasafirishwi kutoka shambani. Lakini inagusa Kenya kwa njia nyingine: nchi yenye jotoardhi inaweza kupunguza moshi bila kupanda juu ya paa la mtu.

Iliyo karibu zaidi na hali ya Kenya ni Afrika Kusini. Tangu mwaka 2011 kanuni zake za ujenzi zinadai kwamba angalau nusu ya nishati ya kupasha maji katika jengo jipya isitoke kwenye koili ya kawaida ya umeme. Mwenye jengo anaweza kuchagua hita ya sola, pampu ya joto, gesi au njia nyingine. Majengo ya zamani hayakuguswa na sharti hilo. Kwa hayo, shirika la umeme la Eskom lilikuwa limeanza mwaka 2008 kuwarudishia wateja sehemu ya bei ya hita ya sola, kwa hesabu kwamba kumlipa mteja apunguze mahitaji ya jioni kunagharimu kidogo kuliko kujenga kituo kingine cha makaa. Nyumba nyingi za Afrika Kusini zilikuwa tayari na tangi la umeme, la aina ileile ya familia ya kwanza katika hesabu iliyotangulia.